Pistoni Kubwa kwa Silinda Isiyopimwa

Ndugu msomaji, katika vijiwe vya mafundi wa pikipiki, kuanzia hapa kwetu Mwamapalala hadi Bariadi mjini, utasikia maneno mawili yakitamkwa kwa wepesi kama salamu: "Weka kubwa." Injini imeanza kutoa moshi wa bluu? Weka kubwa. Inakunywa oili kama ng'ombe anywavyo maji wakati wa kiangazi? Weka kubwa. Imepoteza nguvu, haivuti tena gunia mbili na abiria mmoja? Weka kubwa. Kubwa inayosemwa hapo ni pistoni ya ovasaizi, yaani pistoni iliyotengenezwa kiwandani ikiwa na upana uliozidi kidogo ule wa pistoni ya kwanza, ili ikae vizuri ndani ya silinda iliyolika na kisha ikachongwa upya.

Nayaandika haya kuyapinga maneno hayo mawili. Sipingi pistoni ya ovasaizi yenyewe. Hiyo ni akili nzuri sana ya watengenezaji wa injini, nayo imeokoa mashine nyingi zilizokuwa za kutupwa. Ninachopinga ni kuitia ndani ya silinda ambayo hakuna mtu aliyeipima. Pistoni kubwa ni jibu, na jibu lisilotanguliwa na swali ni kubahatisha tu, hata kama anayebahatisha ana miaka ishirini kazini na mikono yake imejaa oili hadi kwenye viwiko.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la gereji, halifai kuwekwa katika kitabu cha tafakuri. Nawajibu kwamba hawajakaa kwetu. Kata ya Mwamapalala zamani ilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 tumo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Mipaka imebadilika katika makaratasi, lakini njia zetu ni zilezile: mbuga nyeusi inayonata wakati wa masika, na luseni yenye vumbi wakati wa kiangazi. Katika njia hizo pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito kwenye zahanati usiku, ndiyo inayoleta dawa ya mifugo, ndiyo inayombeba mwalimu na mtu wa mnada. Serikali ilipotoa kanuni za leseni za pikipiki za kukodi mwaka 2010, ilikuwa inakubali kitu ambacho vijana walikwisha kukianzisha wenyewe kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya silinda yenye upana wa milimita 62, tunazungumza juu ya karo, juu ya unga, na mara nyingine juu ya mifupa ya watu.

Mimi si mhandisi. Ni mkazi ambaye kwa miaka mingi nimekaa pembeni ya mafundi, nikishika tochi, nikikabidhi spana, na kuuliza maswali hadi nikachosha. Katika kukaa huko nimejifunza kwamba fundi mzuri na fundi mbaya hawatofautiani sana katika kufungua injini. Wote wawili huifungua kwa haraka ya kushangaza. Tofauti yao huonekana baada ya kufungua, pale bloku inapolala juu ya gunia ikiwa tupu. Mmoja hutafuta kipimo; mwingine hutafuta pistoni.

Hebu tutazame kwanza silinda inavyolika, maana ubishi wote unaanzia hapo. Mtu asiyejua hudhani kwamba silinda hulika sawasawa pande zote, kama kisima kinachochimbwa na kupanuka. Sivyo. Hulika zaidi sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu huko joto ni kali, mgandamizo ni mkubwa na oili ni kidogo. Chini karibu isilike kabisa. Tena hulika zaidi katika pande mbili ambazo pistoni husukumwa na konrodi, kuliko pande zile mbili inapoelekea pini ya pistoni. Matokeo yake ni kwamba silinda iliyochoka haiwi duara. Ukiitazama kutoka juu imekuwa kama yai, na ukiitazama kwa ubavu ni pana juu na nyembamba chini. Na juu kabisa, mahali ambapo ringi haifiki, hubaki ukingo mdogo wa chuma ambacho hakijalika.

Sasa fikiria kinachotokea. Fundi anachukua pistoni ya ovasaizi ya kwanza, ile ya milimita 0.25, anaisukuma ndani kwa mkono. Juu inaingia, kwa kuwa silinda imelika. Katikati inaanza kubana. Chini inakataa kabisa. Fundi wa kipimo hapo angesema: bloku hii haina budi kwenda kwa mkerezaji. Fundi wa "weka kubwa" anachukua msasa, anauzungushia kwenye kijiti, anasugua sehemu inayobana. Anajaribu, anasugua, anajaribu tena. Ringi zikigoma, anazipunguza ncha kwa tupa kwa kukisia. Baada ya nusu saa pistoni inapita, japo kwa kusukumwa na kitako cha nyundo. Kisha anamwambia mwenye pikipiki kwa uso mkunjufu: "Nenda nayo taratibu, itajitengeneza yenyewe njiani."

Haijitengenezi. Hakuna chuma duniani kinachojitengeneza njiani. Pistoni ni ya alumini, na silinda za pikipiki zetu nyingi ndani yake ni chuma cha kusubu. Alumini ikipata joto hupanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Tena pistoni ndiyo inayopata moto zaidi, kwa kuwa moto unawaka juu ya kichwa chake, wakati silinda inapozwa na upepo. Kwa sababu hiyo kiwanda huacha mwanya mdogo kati ya pistoni na silinda, mwanya wa sehemu chache tu za mia za milimita. Unywele mmoja wa kichwani mwako, ndugu msomaji, huenda ni mnene kuliko mwanya huo. Ukiwa mdogo mno, pistoni itapanuka hadi ikwame. Ukiwa mkubwa mno, pistoni itagonga kuta, ringi zitayumba, na oili itapanda juu ikaungue. Nionyeshe fundi anayeweza kusugua kwa msasa na kijiti, akakata sehemu tatu za mia za milimita pande zote sawasawa, kutoka juu hadi chini. Hayupo Mwamapalala, na hayupo Japani wala Ujerumani. Huko pia wanatumia mashine na kipimo.

Na ringi nazo zina mwanya wao, pale ncha mbili zinapokutana. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema mwanya huo uwe kama sehemu 4 kwa kila 1,000 za upana wa silinda. Kwa silinda ya milimita 62 ni kama robo ya milimita. Ncha zikikaribiana mno, ringi ikipata moto zitagusana, zitasukumana, na ringi itavunjika au kuchimba mfereji ukutani. Zikiachana mno, moto utapenya kwenda chini na kuchafua oili. Jambo hili hupimwa kwa kuingiza ringi peke yake ndani ya silinda, kuisawazisha kwa kichwa cha pistoni, na kupitisha kibati cha fila geji kati ya ncha. Ni kazi ya dakika moja. Lakini hesabu mwenyewe vijiwe unavyovijua, uone vingapi vina fila geji.

Nimwelezee jirani yangu mmoja, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Ni kijana mwenye mke na watoto, aliyechukua pikipiki kwa mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na baada ya miezi iliyopangwa chombo kiwe chake. Injini ilipoanza kutoa moshi alikwenda kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja. Akatiwa pistoni ya 0.25 kwa msasa, jinsi nilivyoeleza. Siku ya nne, akiwa na mzigo katika njia ya Lagangabilili, jua la saa nane, pistoni ikakwama ghafla. Injini ikikwama hivyo gurudumu la nyuma nalo husimama papo hapo. Kijana akaanguka na kuvunjika mtulinga. Alishukuru Mungu kwamba nyuma yake palikuwa na magunia, hapakuwa na mtu.

Tulipokwenda kwa fundi yule, alitupokea kwa upole. "Poleni sana, mzee," akaniambia. "Ajali ni mipango ya Mungu."

Nikamjibu, "Mwanangu, Mungu hakushika msasa."

Bloku ile ilipofika kwa mkerezaji ilikuwa na mikwaruzo mirefu kiasi kwamba 0.50 haikutosha kuifuta. Ikabidi ichongwe hadi 0.75. Hatua tatu za uhai wa bloku zilitumika katika siku nne. Na katika wiki ambazo kijana alikuwa amefungwa bega, hesabu haikwenda, mkataba ukavunjwa, na chombo kikarudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo utaona kwamba robo ya milimita inaweza kuwa pana kuliko mto Simiyu.

Nimesema hatua tatu, na hili nalo linahitaji maelezo, kwa kuwa ndipo ilipo dhambi ya pili. Pistoni za ovasaizi kwa kawaida huja kwa ngazi: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ambazo ni milimita zilizoongezwa juu ya saizi ya kwanza. Namba hiyo hupigwa mhuri juu ya kichwa cha pistoni, wakati mwingine kwa kifupi: 25, 50, 75, 100. Injini nyingine zina ngazi mbili tu. Bloku ya pikipiki si mwamba usio na mwisho; unene wake ni akiba. Kila unapoichonga unatoa katika akiba hiyo, na hakuna anayeweza kurudisha. Bandu bandu huisha gogo. Kanuni yake basi ni moja: chagua pistoni ndogo kuliko zote ambazo zitatosha kufuta ulikaji wote. Kama 0.25 inatosha, 0.50 ni uharibifu. Kama 0.25 haitoshi, 0.25 ni uongo. Na hakuna njia ya kujua ipi inatosha isipokuwa kupima.

Lakini sisi tunafanya nini? Tunakwenda kwanza dukani. Tunamuuliza mwenye duka la spea ana pistoni gani. Akiwa na 1.00 peke yake, anasema 1.00 ndiyo nzuri kuliko zote, ina nguvu. Tunainunua, kisha tunaipeleka bloku ikachongwe kuifuata pistoni. Maana yake ni kwamba rafu ya dukani ndiyo inayoamua uhai wa injini yetu. Mtu aliyekuwa na akiba ya safari nne anaimaliza yote kwa safari moja, na anarudi nyumbani akifurahi kwamba amepata kubwa.

Na hiyo nguvu inayosemwa, tuipige hesabu tuone. Chukua injini moja inayojulikana sana katika pikipiki za Kichina za cc 150: silinda milimita 62, mwendo wa pistoni milimita 49.5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 149.4. Ukiweka pistoni ya 1.00, silinda ikawa 63, ujazo unakuwa 154.3. Umeongeza chini ya 5 katika 149, yaani kama 3 kwa mia. Ukiweka 0.25 umeongeza 1.2 tu. Hiyo nguvu mtu anayoisikia akitoka gereji haitokani na ukubwa wa pistoni. Inatokana na kuziba pale palipokuwa panavuja. Angeipata ileile kwa 0.25 iliyokaa sawa. Anayeuza nguvu kwa namba ya mhuri anauza upepo, na mnunuzi anaulipia kwa chuma.

Sasa niwatendee haki mafundi, maana nisingependa kuonekana ninawatukana watu wanaotulisha. Desturi hii ina asili yake. Wengi wa waliowafundisha mafundi wetu wa leo walijifunzia kwenye mashine za kusaga, zile za dizeli zinazolia tu-tu-tu kijiji kizima kikasikia: Lister zilizotoka Dursley, Uingereza, na nakala zake zilizotengenezwa Rajkot, India. Mashine ya aina hiyo ya farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika. Pistoni yake ni pana kama bakuli, inapozwa kwa maji, na mwendo wake kwa wastani ni kama mita 3 kwa sekunde. Ni mashine yenye uvumilivu wa punda. Ukiikosea kidogo, inanguruma lakini inasaga. Pikipiki ikikazwa huzunguka mara 8,000 kwa dakika, na pistoni yake hukimbia kwa wastani wa mita 13 kwa sekunde, ikipozwa na upepo tu. Mkono uliozoea punda umekabidhiwa swala, na bado unamfunga kwa kamba ileile.

Kisha kulikuwa na miaka ya uhaba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, spea zilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Fundi wa wakati ule aliyepata ringi yoyote iliyokaribia kuingia, aliishukuru na kuipiga tupa. Hakuwa na uchaguzi, na kwa ujanja wake mashine nyingi ziliendelea kusaga. Tumheshimu. Lakini uhaba ule umepita. Leo pistoni za kila ngazi huagizwa Mwanza na kufika kwa basi. Ujanja wa siku za njaa haufai kuwa sheria ya siku za shibe. Anayeendelea kukisia leo hawezi kusema amelazimishwa na uhaba. Amelazimishwa na mazoea.

Nazijua hoja zinazotolewa kunijibu, na nitazijibu moja moja.

Wanasema: mkerezaji yuko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli kwamba mashine ya kuchongea silinda haipo kila kijiji. Lakini haihitaji kupelekwa pikipiki nzima. Bloku ya pikipiki inaingia katika mfuko wa shule wa mtoto. Inafungwa kwa gunia safi, inapanda basi asubuhi, inarudi jioni au kesho yake. Sharti ni moja tu, nalo hupuuzwa sana: isiende peke yake. Iende na pistoni yake mpya. Kwa sababu pistoni mbili zenye mhuri uleule wa 0.50 zinaweza kupishana kidogo, hasa zikitoka viwanda tofauti. Mkerezaji makini hupima kwanza pistoni, chini kwenye sketi yake, kwa upande unaokata pini. Kisha huchonga silinda ifuate pistoni hiyo pamoja na mwanya wake. Huacha sehemu ndogo ya mwisho ili imaliziwe kwa mawe ya kusugulia, yanayoacha mistari myembamba iliyopishana kama wavu, ambayo hushika oili. Anayechonga kwa kufuata namba ya mhuri bila kuiona pistoni naye ni ndugu wa yule wa msasa, ila yeye ana umeme.

Wanasema: ni gharama. Nawaambia waweke katika mizani moja gharama ya kuchonga, na katika mizani ya pili waweke pistoni iliyokwama, bloku iliyokwaruzwa, siku zilizopotea na mtulinga wa mtu. Fundi anayefanya kazi moja mara tatu si wa bei nafuu.

Wanasema: siku hizi bloku mpya na pistoni yake zinauzwa pamoja, kwa nini kuchonga? Hoja hii ina uzito, sitaikataa. Kwa pikipiki zinazouzwa sana, seti ya namna hiyo ikiwa ya kiwanda kizuri inaweza kuwa na maana kuliko kuchonga. Tena zipo bloku ambazo ndani yake zimepakwa tabaka gumu, na hizo hazichongwi kwa njia yetu ya kawaida. Lakini pampu ya maji ya bustani, mashine ya kusaga ya zamani, na pikipiki ya aina ambayo haiagizwi tena, zitapata wapi seti? Na hiyo seti mpya nayo ipimwe, kwa sababu upya si kipimo. Ubaya zaidi ni huu: mtu anatia bloku mpya, kisha anarudisha chujio la hewa lililotoboka, au anaiacha injini bila chujio kabisa ili "ipumue." Vumbi letu ni mchanga. Litaila bloku mpya kama lilivyoila ya zamani. Fundi anayeweka pistoni bila kuuliza vumbi liliingilia wapi ametibu homa akaacha mbu.

Na wanasema, hii ndiyo hoja yao kubwa: "Kidole changu kinajua." Sikidharau kidole. Kidole hukuambia kama kuna ukingo juu ya silinda, na hukuambia kama kuna mkwaruzo. Ni shahidi mzuri, lakini si hakimu. Kidole hakiwezi kukuambia kama silinda imekuwa yai kwa sehemu saba za mia za milimita au kwa sehemu mbili. Kazi hiyo ni ya maikromita na geji ya silinda: juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana; vipimo sita, vikaandikwa. Na bloku ikiwa imefika mwisho wa 1.00, bado hakuna sababu ya kukata tamaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bloku nyingi zinaweza kutiwa silivu mpya na kurudi saizi ya kwanza. Lakini hilo nalo ni la kipimo zaidi, si la kukisia.

Ndugu msomaji, linaloniuma zaidi katika jambo hili ni kwamba linafanyika kwetu, watu wa pamba. Hakuna watu wanaojua thamani ya kipimo kuliko mkulima wa Simiyu. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, tunasimama mbele ya mizani na macho makali. Tunataka kuona mshale ukianzia sifuri. Tunataka kuona mhuri wa Wakala wa Vipimo. Karani akitaka kukadiria uzito wa robota kwa kulinyanyua kwa mkono, tutapiga kelele hadi Itilima yote isikie, na tutakuwa na haki. Tunajua kwamba pale penye kukadiria, anayekadiria hapati hasara. Hasara humfuata anayekadiriwa. Sasa mtu yuleyule aliyekataa kukadiriwa kilo mbili za pamba, anatembea hatua hamsini hadi kijiweni, anampa mwingine injini yenye thamani ya msimu mzima, na anakubali ikadiriwe kwa kidole na msasa. Tena anamhimiza: "Fanya haraka, niipate jioni."

Hapo lawama inaondoka kwa fundi peke yake na kuja kwetu sote. Fundi anakisia kwa sababu sisi tunalipia haraka. Hatujawahi kumlipa kwa kupima. Akisema, "Niachie siku mbili bloku iende Bariadi," tunampeleka pikipiki jirani yake anayeahidi saa mbili. Tumewaadhibu waangalifu na kuwazawadia wazembe, kisha tunashangaa kwa nini wazembe wameongezeka. SIDO imekuwapo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na sheria iliyoanzisha VETA ilipitishwa mwaka 1994. Lakini hakuna chuo kinachoweza kumfundisha kijana uangalifu ambao wateja wake wanaukataa.

Kwa hiyo simwombi mtu huruma, ninadai mambo machache. Fundi asitaje pistoni wala bei kabla ya kupima, au kabla ya kumpelekea anayeweza kupima. Vipimo viandikwe, hata kama ni juu ya kipande cha boksi la ringi, na mwenye chombo apewe. Kila kijiwe kiwe na fila geji. Ni kitu kidogo kinachokaa mfukoni. Vijiwe viwili vitatu vichangie maikromita moja na geji moja ya silinda, kama akina mama wanavyochangia vyombo vya harusi. Pistoni ya zamani arudishiwe mwenyewe aione.

Na mwenye chombo naye aulize maswali manne kabla ya kutoa fedha. Silinda imelika kiasi gani? Kwa nini umechagua ngazi hii, si ile iliyo chini yake? Mwanya wa pistoni na wa ringi ni kiasi gani? Vumbi liliingilia wapi? Fundi anayejua atafurahi kuulizwa, maana ndipo ufundi wake utakapoonekana. Asiyejua atakasirika. Hasira yake ichukue kuwa jibu, funga mfuko wako, beba bloku yako, panda basi.

Mizani tuliidai kwenye pamba tukaipata. Tuidai na gereji.